Maelezo kwa Wafanyakazi wa Serikali na Wananchi: Uchaguzi wa Bodi za Jasi kwa Dari za Vyumba Vyenye Unyevu

Wafanyakazi wa Serikali pamoja na wananchi wote wanaojenga au kutengeneza nyumba wanaarifiwa kuwa maelezo yafuatayo yanahusu dari za vyumba vya kukogea, vyoo, majiko na vyumba vinginevyo ambavyo maji na mvuke havikauki upesi. Mifano imechukuliwa zaidi kutoka Handeni na Korogwe, miji miwili ya Mkoa wa Tanga, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Korogwe iko bondeni, chini ya milima ya Usambara, ukingoni mwa Mto Pangani, na hali yake ni ya joto lenye unyevu. Handeni iko juu zaidi, katika nchi kavu iliyojulikana kwa miaka mingi kwa uhaba wa maji. Mwenye kuifahamu miji hiyo miwili atafahamu pia kwa nini dari hiyo hiyo hudumu katika chumba kimoja na kuanguka katika chumba cha pili.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa. Katika majumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, dari ilikuwa ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ya namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa tena bila ya kudhurika upesi. Bara nako, nyumba nyingi hazikuwa na dari kabisa. Moshi na mvuke vilipanda moja kwa moja hadi kwenye makuti au bati. Aidha, bafu lilikuwa uani, mbali na chumba cha kulala, na maji ya kukogea yalikuwa ndoo moja.

Hali hiyo imebadilika. Handeni ilipata mradi mkubwa wa maji wa HTM, unaoyachukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi Handeni. Mwezi Juni 2022 Serikali ya Muungano ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa Serikali ya India, na miongoni mwa miji hiyo imo Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Maji ya bomba yanapofika nyumbani, bafu huingia ndani, choo huingia ndani, na jiko nalo huingia ndani. Hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo, neema hiyo huingia pamoja na mvuke, na mvuke hauna njia ila kupanda juu, na huko juu leo hukutana na dari ya jasi.

Kosa linalotendeka mara nyingi ni hili: fundi hununua bodi za aina moja kwa ajili ya nyumba nzima. Sebule hupata bodi ile ile ya bafu, na bafu hupata bodi ile ile ya chumba cha kulala. Siku ya kukabidhiwa nyumba dari zote huwa nyeupe na zenye kupendeza. Baada ya masika mawili au matatu, dari ya bafu huanza kutoa madoa ya rangi ya chai, kisha hushuka katikati kama kitanda kilicholegea kamba, na hatimaye kipande huachana na skrubu zake. Kilo 20 na zaidi za jasi iliyolowa zikimwangukia mzee, mtoto au mgonjwa, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi.

JASI NI KITU GANI

Jasi, ambayo mafundi wengi huiita jipsamu, ni madini ya ardhini. Tanzania inayo kwa wingi mahali mbalimbali, na mojawapo ni Makanya, Wilaya ya Same, katika njia ya kutoka Korogwe kwenda Moshi. Viwanda vya saruji hutia jasi kidogo ndani ya saruji ili isigande mapema mno. Kwa hiyo hata mwananchi asiyewahi kuona bodi ya jasi ameitumia jasi kila alipochanganya zege.

Ajabu ya madini haya ni kwamba yana maji ndani yake ingawa ni makavu mkononi. Katika kila kilo tano za jasi safi, kilo moja hivi ni maji yaliyofungamana na madini yenyewe. Jasi ikipashwa moto kwa kiasi cha nyuzi 150 za Selsiasi, robo tatu ya maji hayo huondoka na kubaki unga mweupe unaoitwa plasta ya Paris, kwa kuwa machimbo yake ya zamani yalikuwa katika mji huo wa Ufaransa. Unga huo ndio ambao madaktari huutumia kufungia mfupa uliovunjika. Ukitiwa maji huyarudisha yale yaliyoondoka, na kwa dakika chache hugeuka tena kuwa jiwe. Bodi ya dari hutengenezwa hivyo hivyo: uji wa plasta humiminwa baina ya karatasi mbili nzito, ukaganda, ukakatwa na kukaushwa. Mmarekani Augustine Sackett alipewa hataza ya bodi ya aina ya kwanza mwaka 1894, na tangu hapo bodi hizo zimeenea duniani.

Maji yaliyofungwa ndani ya jasi ndiyo yanayoifanya isishike moto upesi, kwani moto hulazimika kuyageuza mvuke kwanza. Lakini maji yanayotoka nje ya bodi ni jambo jingine. Jasi huyeyuka kidogo katika maji, kiasi cha gramu mbili hivi kwa lita. Kipimo hicho ni kidogo, lakini kinatosha kulegeza chembe zilizoshikamana. Karatasi nayo, ambayo ndiyo inayoipa bodi nguvu ya kujibeba, hulainika inapolowa. Na juu ya hayo, karatasi ni chakula cha kuvu. Kuvu inayoota juu ya dari yenye unyevu hupeperusha vumbi lake ndani ya nyumba, na wenye pumu na watoto wachanga ndio wanaoumia mwanzo.

UNYEVU UNATOKA WAPI

Wengi hudhani kuwa dari huharibiwa na bati linalovuja peke yake. Kuvuja ni sababu moja, na ni lazima kuzibwe kabla ya jambo lolote. Lakini zipo nyumba ambazo bati lake halina tundu hata moja, na dari imeoza. Sababu yake ni umande wa ndani.

Hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba kiasi cha gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Gramu 13 zilizobaki hazina budi kugeuka maji na kutua mahali palipo baridi. Katika nyumba ya bati, mahali hapo ni upande wa chini wa bati lenyewe, kwa sababu usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Mvuke wa bafu ukipenya juu ya dari jioni, alfajiri hurudi kama matone.

Hapa ndipo mkaazi wa Handeni anapodanganyika. Husema kuwa nchi yake ni kavu, hivyo bodi yoyote itafaa. Lakini dari haiishi katika nchi. Inaishi katika chumba. Familia ya watu sita wakikoga asubuhi katika chumba chenye dirisha dogo lililofungwa, chumba hicho kina unyevu kuliko ufuo wa bahari. Na kwa kuwa usiku wa Handeni katika miezi ya Juni, Julai na Agosti una baridi, bati lake hupoa zaidi na kudondosha zaidi. Mkaazi wa Korogwe ana shida ya namna nyingine: hewa yake ya nje tayari imejaa mvuke wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na dari iliyolowa haipati wasaa wa kukauka. Mkaazi wa Unguja na Pemba anayo shida ya Korogwe, na juu yake ameongezewa chumvi ya bahari inayokula chuma.

AINA ZA BODI NA MAHALI PAKE

Bodi za jasi zinazouzwa madukani ni za aina kadhaa, na wananchi wanashauriwa kuzitofautisha kabla ya kulipa.

Ya kwanza ni bodi ya kawaida. Karatasi yake huwa nyeupe au ya kijivu. Inafaa kwa sebule, vyumba vya kulala, maofisi na madarasa, maadamu paa halivuji. Haifai kwa bafu wala kwa jiko linalopikiwa kila siku bila ya njia ya mvuke.

Ya pili ni bodi ya kustahimili unyevu. Aghalabu karatasi yake ni ya kijani, na ndani ya jasi yake hutiwa nta au dawa ya silikoni inayozuia maji kupenya haraka. Kwa mujibu wa kipimo cha Ulaya, kipande cha bodi hiyo hulazwa ndani ya maji kwa saa mbili kisha hupimwa uzito. Daraja la kwanza halitakiwi kunywa zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake, la pili asilimia 10, na la tatu asilimia 25. Kipimo cha Marekani nacho kimeweka asilimia 10. Bodi ya kawaida haina kikomo chochote cha namna hiyo. Hii ndiyo bodi ya bafu, choo, jiko na chumba cha kufulia.

Ni lazima ifahamike kuwa kustahimili unyevu si kuzuia maji. Bodi ya kijani iliyo chini ya bati linalovuja itaoza kama mwenzake; itachelewa tu. Wala isitumike barazani palipo wazi kwa mvua, au mahali ambapo maji huirukia moja kwa moja.

Ya tatu si jasi kabisa. Ni bodi ya saruji iliyochanganywa na nyuzi. Ni nzito na ngumu kukata, lakini maji hayailainishi. Inafaa kwa dari za nje, mabaraza, na vyumba vyenye mvuke wa kudumu kama jiko kubwa la skuli au chumba cha kufulia cha hospitali. Ya nne ni vipande vya plastiki, ambavyo havinywi maji na husafishika kwa kitambaa. Ubaya wake ni kwamba moto huviyeyusha na kutoa moshi mbaya, kwa hiyo visiwekwe juu ya jiko la mkaa, kuni au gesi.

Ipo pia dari ya jasi inayotengenezwa na mafundi wenyewe kwa kuchanganya unga wa plasta na nyuzi za mkonge. Kwa Korogwe, mji uliozungukwa na mashamba ya mkonge, jambo hili lina historia yake. Mkonge uliingizwa katika pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche yake ya mwanzo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Nyuzi zake huishika plasta kama nondo zinavyoshika zege. Lakini nyuzi hizo huipa dari nguvu ya kutopasuka, hazizuii maji. Vipande vya mkonge na plasta na viwekwe sebuleni, ambako uzuri wake utaonekana na kudumu.

Katika baadhi ya majengo ya zamani bado zimo dari za bodi za kijivu zenye madini ya asbesto. Shirika la Afya Duniani limekwishathibitisha kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Bodi hizo zisikatwe kwa msumeno, zisitobolewe wala kuvunjwa na watu wasio na ujuzi. Mkuu wa jengo anayeshuku kuwa dari yake ni ya aina hiyo na aiache kama ilivyo na kutoa taarifa kwa wataalamu wa afya na mazingira.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Rangi ya karatasi peke yake si ushahidi, kwani karatasi ya kijani inaweza kubandikwa juu ya jasi ya kawaida. Mnunuzi asome maandishi yaliyopigwa nyuma ya bodi au ukingoni mwake, atafute jina la kiwanda, aina ya bodi, unene na alama ya ubora. Kwa upande wa bara, mwenye dhamana ya viwango ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kwa upande wa Zanzibar ni Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS).

Kwa mradi wenye bodi nyingi, ipo njia rahisi ya kujiridhisha. Aombwe mwenye duka kipande cha bodi chenye upana na urefu wa sentimita 30. Kipimwe uzito kwenye mizani, kizamishwe ndani ya ndoo ya maji kwa saa mbili, kipanguswe kwa kitambaa, kisha kipimwe tena. Kipande cha unene wa milimita 12 hivi huwa na uzito wa gramu 700 hadi 800. Kikiwa na gramu 800 na kikaongezeka gramu 40, hiyo ni asilimia 5. Kikiongezeka gramu 80, hiyo ni asilimia 10. Kikiongezeka gramu 250 au 300, basi bodi hiyo ni ya kawaida hata kama karatasi yake ni ya kijani kama jani la mgomba. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, lakini kitamwepusha mnunuzi na hasara ya wazi.

Bodi zichukuliwe siku isiyo na mvua na zifunikwe turubai. Mzigo unaotoka Tanga au Dar es Salaam kwenda Handeni, au unaovuka bahari kuja Unguja na Pemba, waweza kulowa njiani kabla haujaliona bafu. Zikifika, zilazwe juu ya mbao ndani ya nyumba, zisisimamishwe ukutani wala kuwekwa juu ya sakafu yenye unyevu.

GHARAMA SI KUBWA KAMA INAVYODHANIWA

Baadhi ya wananchi huikimbia bodi ya kijani kwa sababu bei yake ni ya juu. Hesabu ifuatayo itasaidia. Bodi moja ya kawaida ina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2, yaani mita za mraba 2.88. Nyumba yenye dari ya mita za mraba 80 inahitaji bodi 28, ukiacha zinazopotea katika kukata. Katika nyumba hiyo, bafu, choo na jiko kwa pamoja havizidi mita za mraba 10, ambazo ni bodi 4. Kwa hiyo anayejenga hatakiwi kununua bodi za kijani 28. Anatakiwa kununua 4. Tofauti ya bei ya bodi 4 ni ndogo kuliko ujira wa fundi wa kuibomoa na kuirejesha dari moja tu ya bafu.

Jambo hili linawahusu zaidi wafanyakazi wanaokaribia kustaafu. Wengi wao hujenga kwa kiinua mgongo, nao hawatapata kiinua mgongo cha pili cha kurekebishia makosa ya cha kwanza.

FREMU, SKRUBU NA RANGI

Bodi nzuri juu ya fremu mbaya ni kazi bure. Kwa vyumba vyenye unyevu zitumike bodi za milimita 12 au zaidi. Zile za milimita 9 hupinda mapema. Nafasi baina ya mbao za fremu isizidi sentimita 40, na ikiwa ni sentimita 30 ni bora zaidi. Kanuni za ujenzi za nyumba nchini Marekani zimeruhusu bodi ya kustahimili unyevu yenye unene wa nusu inchi itumike darini pale tu ambapo nafasi hiyo haizidi inchi 12, ambazo ni sentimita 30 na nusu. Kutokana na hayo inaonekana kuwa hata bodi ya kijani huweza kulegea ikiachiwa nafasi pana.

Mbao za fremu ziwe kavu na zilizotiwa dawa ya wadudu. Mbao mbichi hupinda zinapokauka, na mpasuko wake huonekana kwenye maungio ya bodi. Anayetumia chaneli za chuma ahakikishe zimepakwa zinki, hasa visiwani na Pangani mjini, palipo karibu na bahari. Bodi zifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu, kila baada ya sentimita 15 hadi 20. Misumari isitumike, kwa kuwa huteleza na kutoka pole pole kila fremu inapovimba na kusinyaa. Kichwa cha skrubu kizame kidogo bila ya kuipasua karatasi. Karatasi ikipasuka, skrubu hiyo haishiki kitu.

Kingo zilizokatwa na matundu ya mabomba na taa ndiyo milango ya maji. Yapakwe rangi ya awali au kuzibwa kwa silikoni kabla ya bodi kupandishwa. Maungio yabandikwe mkanda na kujazwa. Yakishakauka barabara, dari ipakwe rangi ya awali, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta au rangi nyingine inayoosheka. Rangi ya maji ya bei ya chini haifai bafuni, kwani huupitisha mvuke.

NJIA YA HEWA

Bodi yoyote ile, hata ya daraja la kwanza, itashindwa katika chumba kisichopumua. Kila bafu liwe na dirisha linalofunguka au matundu karibu na dari. Penye umeme, feni ya kutoa hewa inasaidia sana, kwa sharti kwamba bomba lake litoke nje ya nyumba. Baadhi ya mafundi huliachia juu ya dari, na kwa kufanya hivyo huupeleka mvuke wote mahali pale pale unapoleta madhara. Uwazi baina ya dari na bati nao uachiwe matundu kwenye vipenu, yenye wavu wa kuzuia popo na ndege.

Tangi la maji lisiwekwe juu ya fremu ya dari kwa hali yoyote. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, na fremu ya dari haikufanywa kubeba hata mtu mmoja.

DARI ILIYOKWISHALOWA

Doa likionekana, lisipakwe rangi. Ipandwe juu na kutafutwa chanzo chake: msumari wa bati uliolegea, mfereji ulioziba kwa majani, au umande. Dari ikiwa imevimba na kujaa maji, umeme wa chumba hicho uzimwe kwanza, watu watoke chini yake, ndoo iwekwe, kisha itobolewe taratibu kwa mti mrefu ili maji yashuke. Bodi iliyolainika au kushuka haitengenezeki. Ikatwe na kubadilishwa. Iliyo ngumu bado yaweza kukauka kwa kuachiwa hewa, na kuvu ndogo iliyo juu ya rangi yaweza kufutwa kwa maji ya sabuni, mfutaji akiwa amefunika pua na mdomo. Kuvu iliyoingia ndani ya karatasi haifutiki.

WAJIBU WA WATUMISHI

Watumishi wanaotayarisha mchanganuo wa vifaa kwa ajili ya skuli, vituo vya afya na nyumba za Serikali wanakumbushwa kuwa maneno "dari ya jasi" hayatoshi. Mchanganuo utaje chumba, aina ya bodi, daraja lake la kunywa maji, unene, nafasi za fremu, aina ya skrubu na aina ya rangi. Kisichoandikwa hakidaiwi. Msimamizi wa kazi naye aikague fremu kabla ya bodi kupandishwa, na azione bodi zenyewe kabla ya rangi kupakwa, kwa sababu baada ya rangi bodi ya kijani na bodi nyeupe ni pacha.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Dari nayo si weupe wake wa siku ya kwanza. Ni namna itakavyokuwa baada ya masika kadhaa, wakati aliyeijenga amekwishalipwa na kuondoka, na wakaazi wamelala chini yake. Wananchi wa Handeni na Korogwe, pamoja na wa Unguja na Pemba, wanaombwa kuulizana na mafundi wao mambo haya mapema, kabla lori la vifaa halijapakiwa.